Uzinduzi wa Feni ya Mama Hawa

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepata kazi! Si kazi ya kubadilisha balbu. Kazi ya juu. Juu kabisa, paani.

Mama Hawa, mwenye ile hoteli ya pilau karibu na soko, anafungua jiko la pili katika jengo lile lile, ghorofa ya juu, chini tu ya mabati. Anataka feni ya kuvuta moshi. Ile kubwa ya chuma inayokaa paani kama sufuria iliyofunikwa. Akauliza kama nimewahi kufunga feni. Nikasema nyingi! Na ni kweli. Nilifunga ya mezani kwa pasta wetu, na nyingine kwenye nyumba ya kuku kule Sugoi, ambayo ilifanya kazi vizuri mpaka ilipoacha.

Lakini feni moja ni nini? Jengo lile lina feni za hoteli, za bekari, za dobi. Mama Hawa ndiye analisimamia lote. Amesema wazi kwamba jiko likifunguliwa vizuri siku ya Jumamosi, atachagua fundi mmoja wa kutunza feni zote, mwaka mzima. Mmoja tu. Ama mimi, ama Wabuge.

Wabuge! Ndiye anayetunza feni ya jiko la zamani. Mtu wa kufuli. Kabla hajagusa feni, anazima swichi kubwa, anaitia kufuli, anaweka ufunguo mfukoni, kisha anaupapasa mfuko kuhakikisha ufunguo haujamtoroka. Nani hufungia stima kwa kufuli? Stima itaenda wapi?

Waiyego, mke wangu, ameuliza kama nimewahi kupanda paa la ghorofa. Nimemwambia kwamba mtu aliyesimama chini hapa Eldoret tayari yuko juu kuliko ghorofa zote za Mombasa. Akarudi jikoni. Nimeshinda.

Nimeshona maandishi kwenye ovaroli yangu: INJINIA NDUNGU. Mbele na nyuma, ili hata ninayempita ajue.

Jumanne, 4 Novemba

Feni imefika. Nzito kama ndama! Wabuge alikuwa paani akisugua mafuta kwenye feni yake. Akashauri tuivute kwa kamba na kapi, na watu wasisimame chini yake. Ushauri mzuri, lakini ulitoka kwa Wabuge. Nikaenda kwa wapakuzi wa magunia ya mahindi pale chini, nikawaambia nimesikia watu wa Ziwa wakisema kwamba vijana wa mjini wamekuwa laini. Wakaibeba ngazini wenyewe, kwa hasira, mpaka juu. Injinia hatumii misuli. Anatumia saikolojia.

Kisha tundu. Wabuge hupima kutoka ndani, hutoboa kitundu kidogo kwanza, halafu ndipo anapanda kukata bati. Mimi nilipima kwa jicho. Nikakata kwa grainda, mraba safi, pembe nne kama zimechorwa. Nikachungulia kwa fahari. Nikaona magunia ya mchele. Nikamwona na Ismail, mpishi mkuu, akiniangalia na mdomo wazi.

Ilikuwa stoo. Jiko liko upande wa pili wa ukuta.

Ismail akauliza, sasa injinia, kwani mchele nao unatoa moshi? Nikamweleza kwamba kila jengo la maana huanza na tundu la majaribio. Akasema hajawahi kusikia. Nikamwambia ndiyo maana yeye ni mpishi. Nikakata la pili mahali pake. La kwanza nimeliziba kwa kipande cha bati na silikoni nyingi.

Mvua ya alasiri ikaja. Silikoni imezuia karibu maji yote. Gunia lililolowa ni moja tu, tena la pembeni.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimejaribiwa. Nimesimama imara. Kwa sehemu kubwa.

Asubuhi Wabuge alinikuta nikitembea ukingoni bila kamba. Akasema mwanaume asiyefungwa kamba paani anamfungia mkewe mzigo. Nikamjibu kwamba ajali haina kinga. Kama haina kinga, kinga ni ya nini? Akasema atanikopesha mkanda wake wa akiba, ule wa kuvaa mabegani na mapajani. Nikakataa. Mtu mwenye jina mgongoni hawezi kuonekana amevaa mkanda wa Wabuge.

Lakini niliona Mama Hawa akitazama kutoka uani. Akapaza sauti: "Wewe Ndungu! Huwezi panda hapo bila kamba, mimi sitaki kesi!" Basi nikaenda kuazima kamba yangu mwenyewe kwa muuza ng'ombe. Nikaifunga kiunoni. Upande wa pili nikaufunga kwenye tangi la maji lililo paani. Tangi limejaa pomoni! Hata wapakuzi wote wa soko wasingelisogeza. Wabuge anazunguka paa zima kutafuta chuma cha kujifunga, mimi nimejifunga kwenye mlima.

Kitu kimoja sikukijua. Ismail alikuwa na oda ya harusi. Pilau, mbuzi, sufuria za kuosha tangu alfajiri. Na leo bomba la mji halikutoa maji.

Alasiri nilikuwa nakaza bolti ya mwisho ya kitako cha feni. Mabati yalikuwa na unyevu. Nikateleza. Nikasema moyoni, hakuna shida, kuna tangi. Nikatazama nyuma. Tangi lilikuwa linanifuata! Tupu, jepesi, linadunda kwenye mabati kama ngoma ya Jeshi la Wokovu. Mimi mbele, lenyewe nyuma.

Hapa nitasema ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliogopa. Niliona uani, nikaona paa la kibanda cha mkaa, nikamwona Waiyego amevaa nguo nyeusi. Nikamwita mama yangu kwa jina lake la utotoni. Kisha kitu kikanishika kola ya ovaroli, pale penye neno INJINIA. Alikuwa Wabuge. Yeye alikuwa amefungwa kwenye boriti ya chuma. Tangi likapita kando yetu, likagonga ukuta wa ukingo, likatulia.

Wabuge hakusema kitu. Alinivalisha mkanda wa akiba kama mtu anayemvalisha mtoto sweta, akarudi kwa feni yake. Hilo la kunyamaza ndilo linaloniudhi. Mtu wa heshima angesema neno, nikapata nafasi ya kumjibu.

Hata hivyo, niandike hapa kwa haki: kamba haikukatika. Fundo langu lilishika mpaka mwisho. Lililoshindwa ni tangi, na tangi si mimi niliyelifunga paani.

Hoteli haina maji. Ismail hanisalimii.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo nimeokoa mkono wa mtu.

Ilikuwa hivi. Nilipita kwenye swichi kubwa za paani nikaona ya Wabuge imezimwa. Feni ya jiko la zamani haizunguki, na huko ndani moshi unajaa. Nikafikiri, amesahau! Amezeeka! Nikiiwasha mimi, Mama Hawa ataona ni nani anayejali jengo lake. Nikavuta swichi. Kufuli. Nikatafuta msumeno.

Nilikuwa nimeanza kukata kufuli nilipomsikia akiuliza, pole kabisa, ninafanya nini. Nikageuka. Wabuge alikuwa amelala kifudifudi, mkono ndani ya feni mpaka begani, anabadilisha ule mkanda wa mpira unaozungusha mapanga. Akasema kama swichi ingewaka, angeshuka ngazi akiwa na mkono mmoja, na mwingine ungeshuka kwenye pilau.

Fikiria! Ningekuwa fundi wa haraka, ningelikata kufuli kabla hajaniuliza. Uvivu wa msumeno wangu ndio uliomwokoa. Nimemweleza hivyo. Hakushukuru. Watu wengine hawalelewi.

Jioni nimeunga nyaya. Stima ya jengo lile ni ile ya viwanda, yenye nyaya tatu za moto. Nimeziunga kwa mpangilio unaopendeza: nyekundu, njano, bluu, kama bendera ya nchi fulani. Wabuge akachungulia. Akasema niwashe kidogo, nione inazunguka upande gani. Ati nyaya mbili zikibadilishana nafasi, feni huzunguka kinyume, na badala ya kutoa moshi inaurudisha. Ati kuna hata mshale kwenye bodi ya feni, wa kuonyesha upande.

Kuwasha? Kabla ya uzinduzi? Nilimtazama kwa huruma. Hapa kwetu hata choo cha shule hakiingiwi mpaka mgeni wa heshima akate utepe. Watoto wanajizuia wiki mbili, wanangoja mheshimiwa! Nani amewahi kumwona mwenye harusi akila kipande cha keki ya harusi siku mbili kabla, ili ajue kama imeiva? Feni itawashwa mara ya kwanza na mgeni wa heshima, mbele ya watu, au isiwashwe.

Nimebandika utepe mwekundu juu ya mshale. Unapendeza.

Ijumaa, 7 Novemba

Maandalizi! Nimelala kidogo, nimefikiri mengi.

Mama Hawa alitaka tu kuwasha jiko na kupika. Nimemshawishi. Nimemwambia kwamba wafanyabiashara wa soko lote wakiona jiko lake jipya linazinduliwa, hakuna atakayekula kwingine. Amekubali. Mgeni wa heshima ni Mzee Abdikadir, mwenye malori, anayeheshimiwa tangu hapa mpaka Lodwar. Viti vimekodishwa. Vimepangwa ndani ya jiko lenyewe, mistari miwili, chini ya feni, ili kila mtu ahisi moshi ukipaa juu ya kichwa chake.

Mama Hawa aliniuliza kama feni imejaribiwa. Nikamuuliza kama Mzee Abdikadir anapenda kiti chenye mito. Akasahau swali.

Nimeandika hotuba. Inaanza na historia ya moshi.

Waiyego amesema nimpigie Wabuge simu aje aitazame kabla ya watu kuja. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge. Akauliza nani mwenye wivu kwa nani. Nikaenda kupiga pasi ovaroli.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku kubwa.

Watu walijaa. Mzee Abdikadir alikuja na kanzu nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho. Ismail alikuwa amewasha meko yote ya mkaa kwa agizo langu, na kukaanga vitunguu na pilipili katika sufuria kubwa, ili moshi uwe wa kutosha. Nilitaka ionekane kazi.

Nilihutubia. Nilipofika kwenye moshi wa babu zetu watu walianza kukohoa, nikafupisha. Mzee akakata utepe. Akasema bismillahi. Akabonyeza.

Feni ikanguruma. Sauti nzuri! Watu wakapiga makofi. Wakatazama juu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, kutazama juu.

Upepo ulishuka. Kila kitu kilichokuwa kinapaa kikageuka njiani kikarudi, na masizi, na vumbi la bati nililokata Jumanne, na mvua ya jana iliyokuwa imetulia kwenye kitako. Moshi wa pilipili uliingia katika kila jicho lililoalikwa. Majivu ya mkaa yakaruka kama kware. Mtu akapiga kelele kwamba ni moto. Bekari ya chini ikasikia, ikatoka mbio na mikate mikononi. Mama Hawa alikuwa akiniita, lakini kwa kukohoa sikuweza kujua kama ni kwa wema.

Mzee Abdikadir hakukimbia. Alibaki kwenye kiti chenye mito, wima, akiwa mweusi kuanzia kofia mpaka goti. Aliniuliza, kwa adabu kubwa, kama hii ndiyo sehemu ya kwanza au kuna nyingine.

Kisha Wabuge. Sijui nani alimwalika. Alikuja na kitambaa puani, akapanda paani na mkanda wake, akazima swichi kubwa, akaitia kufuli, akapapasa mfuko. Akafungua kijisanduku cha nyaya, akabadilishanisha mbili, akafunga. Akafungua kufuli, akawasha. Moshi wote ukasimama kidogo kama umesahau kitu, kisha ukaondoka. Leso ya karatasi ya mtu ikaondoka nao.

Watu walishangilia mpaka sufuria zikatikisika. Ilikuwa feni yangu. Tundu langu, kitako changu, bolti zangu. Nikainama kuwashukuru.

Jumapili, 9 Novemba

Mama Hawa ameamua. Feni zote za jengo ni za Wabuge.

Alinieleza bila kugombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alisema feni niliyofunga imekaa vizuri, haitingishiki, haivuji. Alisema mkono wangu ni mzuri. Alisema shida haiko mkononi. Kisha akaniomba nisipande tena paa lake, hata kama kuna moto, hata kama nimeitwa na polisi. Wazi kabisa, anaogopa nisiumie. Ananithamini kiasi hicho!

Lakini niliumia. Niliketi kwenye ngazi za uani kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshaona jina langu kwenye kila feni ya jengo lile, nimeshamwahidi Waiyego kuwa ataniona kutoka barabarani akinipungia mkono. Wabuge akapita, akasema nikitaka nije siku moja tufanye pamoja, anionyeshe mambo mawili matatu. Nikamwambia nitatazama ratiba yangu. Ratiba yangu haina kitu.

Waiyego alipika chapati bila kusherehekea chochote. Alisema kama ningewasha ile feni dakika moja tu siku ya Alhamisi, leo ningekuwa na kazi. Alisema taratibu. Nilikaribia kumwelewa.

Halafu, katikati ya chapati ya tatu, fikra! Feni yangu haikuharibika. Ilipuliza ndani! Kwa nguvu! Nani amewahi kutengeneza feni ya paani inayoingiza upepo? Wote wanatoa tu, wanatoa tu, kama kondoo. Ndungu anaingiza. Mwenye kuona mbali huanza kwa kufukuzwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Mungu yupo na anatumia duka la hardware. Nilikuwa pale nikitafuta bolti nikasikia mama mmoja akilalamika. Ni Tryphosa, wa Moiben, mwenye kinu cha kusaga na ghala kubwa la mahindi. Mvua imemkuta na mavuno yamo ndani, ghala lina joto, mahindi yanaanza kuota ukungu. Anataka upepo uingie. Uingie!

Nikajitambulisha, mbele na nyuma. Nikamwambia Eldoret nzima inazungumza juu ya feni yangu inayoingiza upepo. Hakuna uongo hapo. Kinu chake kina stima ile ile ya nyaya tatu. Nitaunga vile vile: nyekundu, njano, bluu. Kilichopuliza ndani mjini kitapuliza ndani Moiben.

Wabuge amesikia. Amemtumia Waiyego ujumbe kwamba nyaya za kila mahali zina mpangilio wake, na nisisahau kuwasha kwanza nione. Nimemwambia Waiyego amjibu asante. Mtu mkubwa hujua kushukuru.

Uzinduzi ni Jumamosi.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimerudi kutoka Moiben. Ninaandika nikiwa nimeoga mara mbili, na bado ninawashwa shingoni.

Kwanza mazuri. Nilivaa mkanda. Wangu mwenyewe, nimeununua, umeandikwa jina. Nilijifunga kwenye boriti. Nilitoboa tundu moja tu. Nilitia kufuli kwenye swichi, nikapapasa mfuko, na kwa kweli inaleta utulivu fulani. Wabuge asijue.

Na nilijifunza kutokana na yaliyotokea kwa Mama Hawa. Sana! Nilikaa chini nikajiuliza kosa lilikuwa wapi, nikaliona: wageni waliketi ndani. Upepo ulipoingia ukawakuta. Safari hii niliwaweka wote nje, chini ya ukuta wa ghala, kwenye tenti isiyo na kuta, keki mbele yao. Machifu, mapasta, wakulima, na kwaya ya akina mama waliovaa nguo nyeupe. Hakuna mtu ndani hata mmoja. Wacha feni iingize!

Mgeni wa heshima akabonyeza.

Ikatoa.

Sijui nieleze vipi. Makapi ya mavuno mazima yalipanda angani kutoka paani, wingu la rangi ya dhahabu, likasimama juu ya Moiben, zuri kabisa, kisha likatushukia. Vumbi la mahindi linawasha! Kwaya ilijikuna kwa sauti nne. Keki ikaota ndevu. Panya wawili walioishi humo kwa amani walitoka mlangoni wakipiga chafya.

Tryphosa hakungoja hotuba. Alimpigia Wabuge pale pale. Wabuge alifika, akabadilishanisha nyaya mbili, upepo ukaingia, mahindi yamepona. Na Tryphosa amempa kazi ya kutunza feni na kinu, mwaka mzima. Kwa hiyo Wabuge sasa ana kazi mbili kubwa, na zote nimemtafutia mimi. Angekuwa wapi huyu mtu bila Ndungu?

Waiyego alinitoa makapi masikioni akicheka mpaka akalia. Akauliza kama sasa nimejifunza. Nimejifunza! Ndani si mahali pa wageni. Nje pia si mahali pa wageni. Limebaki jibu moja, na nashangaa jinsi lilivyo rahisi.

Nimeshampigia mwenye viti vya kukodisha. Nimemuuliza kama ana vinavyosimama vizuri kwenye mabati.